Barua za Bustani: Punda Aliyenifunza Kukata Mwasumini

Kila harusi zikikaribia, barua za asumini hunijia kwa mafungu. Watu hukumbuka kuwa wana mwasumini uani, kisha hukumbuka kuwa hautoi ua. Mwezi huu zimekuja nyingi, za Malindi na za hapa Amu, yaani Lamu, nikachagua tano. Wa waridi na wa mihina mnisubiri, zamu yenu inakuja.

*Bi Mkubwa, shikamoo. Nina mwasumini nilioupanda miaka mitatu iliyopita mbele ya nyumba. Umenawiri hasa, majani yanang'aa, umefika kimo changu na sasa unataka kuingia dirishani. Naumwagilia kila asubuhi pamoja na ukoka, na kila mwezi nautilia mbolea ile ile ya ukoka. Maua? Mwaka mzima sijajaza kikombe. Jirani yangu ana kijiti kifupi kwenye debe na kila magharibi kinampa sahani nzima. Nimekosa wapi? – Mama wa Watatu, Malindi*

Marahaba, mwanangu. Jibu umeliandika mwenyewe: mbolea ya ukoka, maji ya kila asubuhi, na kimo chako.

Mbolea ya ukoka kazi yake ni kuotesha majani, maana ukoka ni nini zaidi ya majani? Imejaa naitrojeni. Ukiutilia mwasumini unauagiza uzae majani, nao ni mti mtiifu. Iache leo hii. Na ukoka wenyewe ukiutilia, kaa hatua mbili mbali na shina, kwa sababu mizizi haijui mpaka ulioweka wewe. Ukitaka ya dukani, soma namba tatu zilizoandikwa kwenye mfuko: ya kwanza ndiyo naitrojeni, isizipite zile mbili. 17-17-17 yafaa, kijiko cha chai kwa mti wa kwenye debe kila miezi miwili, usizidishe. Majivu ya jikoni watu huyasifu sana. Kwa udongo wetu uliojaa chokaa siyapendi, yanaongeza yale yale ambayo tayari tunayo mengi.

Maji nayo. Mwasumini hupenda kunywa lakini haupendi kulala ndani ya maji. Chomeka kidole udongoni mpaka kiungo cha pili; kikitoka na unyevunyevu, ngoja kesho. Siku za kaskazi, jua likiwa kali na upepo mkavu, huenda ukamwagilia kila siku. Masika yakishika unaweza kupitisha wiki nzima hujaugusa. Ukoka una kiu yake na mwasumini una yake.

Sasa kimo, na hapa ndipo ninapogombana na wasomaji, hasa sisi tuliolelewa tukiambiwa kuwa mti wa mama haukatwi. Asumini huchanua kwenye ncha za vitawi vipya. Si ubavuni mwa tawi kuukuu, si kwenye shina. Mti ulioachwa ukapanda mpaka dirishani una ncha chache tu, ziko huko juu, na chini umebaki vijiti. Nenda kautazame kwa karibu. Majani yamekaa mawili mawili yakitazamana, na kwapani mwa kila jani kuna kijicho kidogo kama kichwa cha pini. Kijicho hicho kimelala kwa sababu ncha iliyo juu yake ingali inatawala. Ikate, juu kidogo ya jozi ya majani, na vijicho viwili vitaamka pamoja. Tawi moja limekuwa mawili, kila moja na kichala chake cha matumba matatu au zaidi, na lile la katikati hufunguka mwanzo. Yakimaliza maua yakate tena, yatakuwa manne. Hesabu ya sahani ya jirani yako ndiyo hiyo.

Hili sikulisoma popote. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, tukikaa mtaa wa Langoni hapa Amu, na mama alikuwa na mwasumini mmoja uani ambao sisi watoto tuliuonea wivu. Ulikuwa mrefu, umelegea kama mgonjwa, maua yake ya kuhesabu. Siku moja nilitumwa dukani nikaacha mlango wazi. Punda wa jirani alikuwa ametoka kutua mzigo wa mchanga, akaingia. Niliporudi nilimkuta amesimama katikati ya ua, anatafuna taratibu, hana hata haya, na mti umebaki vijiti vinavyofika gotini. Nilipigwa. Kipigo nilikizoea, kilichoniliza ni kuwa mama hakusema nami siku mbili.

Masika yalikuwa karibu. Mvua ziliponyesha, vile vijiti vikatoa macho kila mahali, na kabla miezi miwili haijatimia mama alikuwa anachuma kwa ungo alichokuwa akichuma kwa kiganja. Tangu mwaka ule alikata mwenyewe, na mkasi wake akauita Punda. "Nileteeni Punda," alikuwa akisema, na wageni wakishangaa.

Kwa hivyo wako upunguze mpaka gotini. Ngoja mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, masika yakianza kunukia. Mama alikuwa akiunyima maji siku kumi kabla, nami nafanya hivyo hivyo kwa iliyo ardhini. Ya kwenye debe naionea huruma. Anza kutoa matawi makavu, yanayosuguana na yaliyo membamba kama uzi, ndipo upunguze yaliyobaki. Mkasi uwe mkali, uufute kwa spiriti. Kisha zungushia samadi kongwe, na nasema kongwe: mavi ya punda mabichi huunguza mizizi, tena yana mbegu za kila gugu alilokula. Yarundike miezi mitatu au zaidi mpaka yanuke udongo. Kwangu mimi, jua likiwa kali, matumba ya kwanza huonekana baada ya wiki sita mpaka nane. Baada ya kila mzao wa maua punguza ncha, urefu wa kidole tu, na mti utabaki umefumba vizuri kama kichaka kidogo.

Hukunitajia jua. Kama uko chini ya mwembe, yote niliyoandika ni kazi bure. Mwasumini unataka saa sita za jua kwa siku.

*Bi Mkubwa, assalaam alaykum. Tumetengeneza nyumba ya marehemu babu, Mkomani, na fundi amepiga chokaa upya kiwanda kizima. Miasumini yetu miwili, iliyo kwenye kitalu cha ukutani, ilikuwa mizuri. Sasa majani ya juu yamekuwa manjano ilhali mishipa yake ingali kijani, na mengine yameungua kingo. Tunamwagilia maji ya kisima. Shangazi anasema ni jicho la watu waliokuja kuona nyumba. – Mjukuu, Lamu*

Wa alaykum salaam. Wasomaji wa bara wasishtuke, kiwanda kwetu Amu ni ua wa ndani ya nyumba, ulio wazi juu. Hakuna mashine humo. Shangazi mpe salamu zangu umwambie jicho lipo, ila ni la fundi.

Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Fundi akibomoa lipu ya zamani, kifusi huangukia kitaluni. Jioni akiosha karai lake, humwaga pale pale penye udongo, maana ndipo panapokunywa maji. Nimeyaona haya kwa macho yangu katika nyumba zaidi ya moja. Chokaa ikizidi udongoni hukifungia chuma mlango: chuma kipo, lakini mzizi hauwezi kukichukua. Jani changa linalozaliwa bila chuma huwa manjano na mishipa yake hubaki kijani, kama ramani ya mito. Ndiyo maana wale wanaokwambia uzike misumari yenye kutu wanakupotezea wakati, kwa kuwa nayo itafungiwa mlango ule ule.

Manjano si ya namna moja, lakini. Majani ya chini, ya zamani, yakigeuka manjano matupu, mti una njaa ya naitrojeni, au umri wao umefika tu. Mti mzima ukilegea na kufifia huku udongo umelowa, chimbua kidogo utazame mizizi: iliyo hai ni myeupe au ya rangi ya maziwa, iliyooza ni ya kahawia na ukiivuta ganda hubaki mkononi. Na jani likiungua kingo kama karatasi iliyopitishwa motoni, hiyo ni chumvi. Wewe unazo mbili, chokaa ya fundi na chumvi ya kisima.

Vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyotuhifadhia maji matamu ya mvua, na ndiyo maana visima vya upande ule vinanyweka. Visima vingi vya mjini, vilivyo karibu na pwani, si hivyo. Onja maji yako. Ukihisi chumvi ulimini, mwasumini uliihisi kabla yako.

Iondoe yote miwili kitaluni, ipunguze, uihamishie kwenye vyungu au madebe yenye matundu chini. Udongo changanya hivi: mafungu mawili ya udongo mwekundu wa bara, fungu moja la samadi kongwe, fungu moja la makumbi yaliyochambuliwa. Hapo kwenye makumbi angalia sana. Mengi ya huku pwani yamezikwa kwenye tope la bahari ili yaoze yatoe usumba, kwa hivyo yamejaa chumvi. Yaroweke maji matamu, uyamwage, uyaroweke tena, mara tatu. Na usichukue mchanga wa ufuoni hata ukiletewa bure mpaka mlangoni.

Masika haya tega mapipa chini ya kila mlizamu. Mai ya mvua, kama tusemavyo sisi, hayana chumvi wala chokaa. Siku ya kwanza mwagia mpaka yatiririke chini, ngoja, mwagia tena, ili chumvi ishuke itoke. Madini ya chuma ya kunyunyizia majani yapo kwenye maduka ya dawa za mimea. Nyunyiza alasiri, jua likishapoa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Majani ya zamani huenda yasirudi rangi. Tazama mapya.

*Bi Mkubwa, sabalkheri. Wewe uliandika mwezi uliopita kuwa asumini hunukia kuanzia magharibi. Yangu ina maua meupe mazuri, ya petali nyingi, mti mfupi umefumba vizuri, lakini hainukii mchana wala usiku. Je, ulikosea? – Msomaji, Shela*

Sabalnuri. Sikukosea, umeuziwa mti mwingine. Vunja jani moja sasa hivi. Likitoa utomvu mweupe kama maziwa, huo si mwasumini, na utomvu huo usiuweke mdomoni wala machoni. Ni mti wa bustani mzuri, wa kijani mwaka mzima, na maua yake huwadanganya wengi. Mwasumini hautoi maziwa.

Usione haya, nami nilitapeliwa. Niliuona Malindi, kando ya barabara, umejaa maua kama theluji ya kwenye picha. Nikalipa bila kubishana, nikaupakata kwenye basi njia nzima, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, nikavuka nao kwa boti nimeukinga upepo kwa buibui langu. Nyumbani nikauweka karibu na kitanda, nikangoja magharibi. Ikaja isha. Nikasogeza pua. Asubuhi nikavunja jani, maziwa hayo yakatoka. Muuzaji simtaji, labda naye aliuziwa hivyo. Siku hizi nikinunua, naenda jioni na ninanusa kwanza.

Ukitaka wa kweli wenye petali nyingi, upo, maua yake kama vijiwaridi vidogo. Hukua polepole, hubaki mfupi, na majani yake mara nyingi hukaa matatu matatu badala ya mawili. Kwa debe la kwenye dari unafaa kuliko ule wa kawaida. Kwa kutunga, mimi nashikilia wa kawaida: una maua mengi na sindano hupita bila matata.

*Bi, harusi ya mpwa wangu ni Ijumaa usiku. Mara ya mwisho nilichuma asubuhi, kufika ukumbini yamekuwa rangi ya zambarau na yamenyauka. Nichume lini? – Shangazi wa Bibi Harusi, Malindi*

Ulichuma maua yaliyokwisha kazi yake usiku uliopita. Asumini hufunguka jioni, na asubuhi imechoka. Kwa kutunga hatuchumi ua, tunachuma tumba. Ijumaa hiyo hiyo, baada ya alasiri, chagua matumba yaliyovimba na kuwa meupe kabisa lakini hayajapasuka. Lenye ukijani liache mtini, halitafunguka mkononi mwako. Usiyaoshe. Yafunge kwenye jani la mgomba au kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, uyaweke mahali pa baridi. Tunga kabla ya magharibi, sindano ipite kwenye kile kikonyo chembamba cha ua na si kwenye petali. Yatafungukia nyweleni mwake, wanawake wakiwa wamekaa.

Shada la nywele peke yake hunila tumba kama mia. Bado koja, bado vikuba vya wageni, vile vifungu vidogo vya maua ya kunukia, na kitanda. Usitegemee mti mmoja. Anza leo kuwaomba majirani, na kwenye vikuba changanya rehani ili asumini zitoshe.

*Nina mambo mawili, Bi Mkubwa. Mwasumini wangu una vitu vyeupe kama pamba kwapani mwa majani, na sisimizi wanapanda na kushuka. La pili, dada yangu anataka mche. Je, nipande mbegu? – Msomaji, Malindi*

Hivyo vyeupe ni vidung'ata, wanafyonza utomvu. Sisimizi wanawalinda kwa ajili ya ile asali wanayotoa, kama mchungaji na ng'ombe wake, kwa hivyo ukiwaacha sisimizi, vidung'ata watarudi. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kimoja kimoja, kisha nyunyiza kijiko cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, jioni, chini ya majani pia. Majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kurowekwa usiku kucha husaidia. Sumu za dukani sizitaki kabisa kwenye mti huu: ua tunalivaa kichwani na kulilalia.

Mbegu usihangaike nazo, mwasumini wa nyumbani ni nadra kuzaa. Kata kitawi cha urefu wa kiganja, kisicho kichanga sana wala kuukuu, kisicho na ua. Toa majani ya chini, bakisha jozi moja juu. Kichomeke kwenye mchanga mtamu, usio na chumvi, uliochanganywa na samadi kongwe, ukifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, ukiweke kivulini penye mwanga. Wiki nne mpaka sita kitakuwa na mizizi. Kivute taratibu, kikikataa kutoka, kimeshika. Njia ya uvivu, ambayo ndiyo yangu, ni kulilaza tawi la chini, kulikwaruza ganda kidogo, kulizika na kuliwekea jiwe, nalo lingali linanyonya kwa mama yake.

Vitawi vya kupanda usinunue. Mama wa Watatu wa barua ya kwanza yuko hapo hapo Malindi, na Aprili atakuwa na rundo zima mlangoni.